Kicheko cha Ferris Bueller na Wajibu Wetu Wazazi

Siku hizi sisi wazazi tumezoea kuwarudisha watoto wetu kwenye filamu za zamani. Tukiona yanayoonyeshwa sasa tunashika vichwa, kisha tunatafuta zile zilizotuchekesha ujanani, kwa imani kwamba zilikuwa na staha zaidi. Mojawapo ni “Ferris Bueller’s Day Off”, kichekesho cha wanafunzi kilichoandikwa na kuongozwa na John Hughes na kutolewa Marekani mwaka 1986. Matusi yamo hapa na pale, lakini hakuna umwagaji damu, na mwisho wake kila mtu hubaki akitabasamu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ferris yuko mwaka wa mwisho wa sekondari katika kitongoji kimoja cha Chicago. Asubuhi ya siku yenye jua zuri anajifanya mgonjwa. Analamba viganja ili viwe na majimaji. Baba na mama wanampapasa, wanamhurumia, wanamwambia apumzike, wanakwenda kazini. Mara tu wakiondoka anamkokota rafiki yake Cameron kutoka kitandani, anamtoa shuleni mpenzi wake Sloane kwa kumzulia msiba wa bibi, na wote watatu wanaingia mjini ndani ya Ferrari ya mwaka 1961, mali ya baba yake Cameron. Wanapanda jengo la Sears Tower, wanatazama besiboli katika uwanja wa Wrigley Field, na Ferris anaimba katikati ya maandamano ya barabarani. Jioni anawahi kitanda kabla hajagunduliwa.

Kijana akiitazama filamu hii humwona shujaa. Mzazi aliyeitazama ujanani na kuirudia akiwa na ada za kulipa na mtoto anayebalehe chumba cha pili, huona kitu kingine. Huona kwamba hila zote hizi zinawezekana kwa sababu moja: watu wazima hawapo.

Ferris si mvivu hata kidogo. Kitandani ameweka mdoli uliounganishwa na kamba ili ujigeuze mlango ukifunguliwa. Mkoromo unatoka kwenye redio. Akija mgeni, kengele inajibiwa kwa sauti yake iliyorekodiwa. Kwa kompyuta yake anaingia kwenye kumbukumbu za shule na kupunguza siku alizokosa masomo kutoka tisa hadi mbili. Ukiviangalia vizuri vifaa hivyo, utaona vimetengenezwa kwa kipimo cha wazazi wake. Vinamtosha mzazi wa kupiga simu na wa kuchungulia mlangoni. Kwa mzazi wa kuketi kando ya kitanda na kumshika mgonjwa kichwa, visingefaa kitu. Mtoto huyu amewasoma wazee wake kwa muda mrefu, akajua mapenzi yao yanaishia wapi.

Anayefunua shuka ni dada yake, Jeanie. Nadhani yeye ndiye mtoto anayestahili kutusumbua zaidi, ingawa filamu inamchukulia kama kero. Jeanie anasema kweli tangu asubuhi na hakuna anayemsikiliza. Anarudi nyumbani kuthibitisha, anakuta mtu amevamia nyumba, anapiga simu polisi, na mwishowe ni yeye anayewekwa kituoni kwa tuhuma ya kutoa taarifa ya uongo. Mama anafika kumchukua akiwa na hasira, maana biashara yake ya nyumba imeharibika siku hiyo. Na pale kituoni, aliyeketi na binti huyu na kumuuliza kinachomsumbua ni kijana asiyemjua, aliyekamatwa kwa mambo ya dawa za kulevya. Wahenga walituonya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa ulimwengu umejitokeza na koti la ngozi.

Matokeo tunayapata mwishoni. Ferris anapokaribia kunaswa, Jeanie anamwokoa kwa kudanganya. Watazamaji hushangilia upatanisho wa ndugu. Mimi huona mtoto aliyejifunza somo la nyumba yake: mwongo anabembelezwa, msema kweli anakaripiwa. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alitazama tu.

Nyumba ya Cameron ni nzito zaidi. Baba yake hatumwoni hata mara moja katika filamu nzima. Tunachoonyeshwa ni gari lake, ndani ya banda la vioo lililojengwa juu ya korongo, linang’aa kama chombo cha madhabahuni. Haliendeshi, hulipangusa tu, na idadi ya maili zake anaijua. Kijana wake tunamkuta mchana amejifunika gubigubi, akiumwa ugonjwa ambao hauna jina zaidi ya hofu. Katika jumba la sanaa la Chicago anasimama mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat, wa watu wanaopumzika Jumapili kando ya mto. Macho yake yanaganda kwa mtoto mdogo aliyeshikwa mkono na mwanamke. Kamera inasogea, inasogea tena, hadi uso wa mtoto unapotea na kubaki nukta za rangi. Katika kichekesho kizima, hapo ndipo kicheko hukauka.

Baadaye vijana wanajaribu kurudisha nyuma hesabu ya maili kwa kulizungusha gari kinyumenyume likiwa juu ya jeki. Haiwezekani. Hasira ya miaka inampanda Cameron, analipiga gari mateke, jeki inaachia, Ferrari inavunja kioo na kutumbukia korongoni. Ferris anajitolea kubeba lawama. Cameron anakataa; anasema atakutana na baba yake mwenyewe. Tufikirie jambo hilo. Mtoto amelazimika kuvunja kitu ambacho baba anakithamini kuliko yeye ili apate mazungumzo na baba huyo.

Yupo pia Ed Rooney, mkuu wa nidhamu shuleni. Huyu anaacha ofisi yake na mamia ya wanafunzi kwa ajili ya kumkamata kijana mmoja. Anavunja nyumba ya watu, anafukuzwa na mbwa, anapigwa teke, na jioni anapanda basi la wanafunzi nguo zikiwa zimechanika. Tunamcheka kwa haki. Nidhamu yake ni ya kuvizia, na anayevizia kwa kuvunja sheria hawezi kumfundisha mtoto kuheshimu sheria.

Chanzo cha haya yote ni nini? Wazazi wa Ferris si watu wabaya. Wanampenda mtoto wao, wanafanya kazi kwa bidii, nyumba yao ni nzuri. Hapo ndipo wanapofanana nasi. Sisi nasi tunatoka alfajiri mtoto amelala na kurudi usiku amelala. Tunamkabidhi kwa dada wa kazi, kwa bweni, kwa runinga, kwa simu. Tunalipa ada kwa wakati, na risiti ile inatupa amani ambayo hatujaistahili. Hali ya maisha ni ngumu na hakuna anayebisha. Lakini ugumu wa maisha unaeleza tu kwa nini hatupo, haujazi nafasi yetu. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika wajibu wa mzazi, inataja ulinzi, mwongozo, uangalizi na matunzo, na inamtaka mzazi anayekosekana kwa muda ahakikishe mtoto yuko chini ya mtu anayeweza kumlea. Matunzo ni sehemu moja tu ya orodha hiyo, nasi wengi tumeishia hapo.

Wajibu wa kwanza, basi, ni kuwepo. Saa moja ya kula pamoja simu zikiwa mbali hujenga kuliko zawadi inayoletwa kufidia mwezi mzima. Mtoto akisema anaumwa, mzazi aketi, aguse paji la uso, aulize shuleni kuna nini. Mara nyingi tumbo linalouma kila Jumatatu lina habari ndani yake.

Wa pili ni kielelezo. Mtu anabisha hodi akidai deni lake, nasi tunamnong’oneza mtoto: “Mwambie baba hayupo.” Tunapigiwa simu tukiwa bado sebuleni tumevaa kandambili, tunajibu: “Niko njiani, foleni tu.” Mtoto yuko pale, anasikia. Kesho akilamba viganja na kudai ana homa, tunauliza uongo kautoa wapi. Mwana hutazama kisogo cha nina, na cha babaye pia.

Wa tatu ni nidhamu, na hii haipaswi kuachiwa mwalimu peke yake. Kanuni ijulikane kabla ya kosa, iwe moja kwa watoto wote wa nyumba, na atakayeisimamia awe mtu ambaye mtoto amezoea kula naye na kucheka naye. Msema kweli asikaripiwe kwa sababu ametuletea ukweli saa mbaya. Na mtoto akikosea, aachwe abebe kosa lake kwa kiasi cha umri wake, sisi tukiwa kando yake.

Filamu hii tuwaonyeshe watoto wetu tukipenda, na tucheke nao. Ila tukae nao mpaka mwisho, kisha tuwaulize ni nani kati ya wale watu wazima alipaswa kuwa nyumbani siku ile, na tuwe tayari kusikia jibu. Mzazi asiyeweza kukaa na mwanawe kwa muda wa filamu moja hana sababu ya kushangaa akidanganywa siku nzima.