Geuka Kabla Hujaweka Gundi!

Daktari wa meno, weka chini hicho kichupa cha gundi! Usikifungue. Usimwite msaidizi. Usiwashe taa. Nisikilize kwanza!

Umesafisha mzizi. Umeukausha. Umeujaza gataperka, ukatazama eksirei, ukaridhika. Mgonjwa amechoka kuachama, foleni nje inanung'unika, na mkono wako umeshanyooka kuifuata asidi, gundi na kompoziti. Simama hapo hapo!

Unajua ulichomimina ndani ya jino hilo. Ni hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo ndani ya jiki. Na ulifanya vyema kuimimina! Mkemia Dakin aliitumia mwaka 1915 kuoshea vidonda vya askari vitani, kwa nguvu ya asilimia 0.5 tu, na hadi leo hatujapata dawa nyingine ya mizizi inayoua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa kama hiyo. Ole wake anayeiacha kwa kuogopa kuiharibu gundi!

Lakini unajua pia inachokiacha nyuma. Unajua, na bado unaharakisha!

Inaacha oksijeni. Oksijeni hiyo inajibanza ndani ya vijifereji vya dentini. Gundi yako, ili igande, lazima molekuli zake ziungane moja baada ya nyingine, na oksijeni inaukatiza muungano huo njiani. Taa inawaka, taa inalia, taa inazimika. Juu pamekuwa pagumu, pameng'ara, pamependeza. Chini, pale gundi inapokutana na jino, pamebaki pabichi!

Na kolajeni je? Tangu Nakabayashi na wenzake walipoeleza tabaka mseto mwaka 1982, kila mwanafunzi wa meno anafundishwa kwamba gundi hushika dentini kwa kupenya katikati ya nyuzi za kolajeni na kugandia humo. Hipokloraiti inazila nyuzi hizo. Unamwambia mtu akamate kamba, nawe umeshamkata vidole!

Ulifundishwa haya. Ukayaandika kwenye mtihani. Ukafaulu. Sasa unangoja nini?

Utasema, "Mbona ujazo haujadondoka?" Haudondoki leo! Unaachia kidogo pembeni, mahali ambapo jicho halifiki. Mate yanapita. Vijidudu vinafuata. Vinashuka taratibu kuelekea ule mzizi ulioutolea jasho. Ray na Trope walichunguza picha za eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi, wakachapisha matokeo mwaka 1995: kwa afya ya eneo linalozunguka ncha ya mzizi, ubora wa ujazo wa juu ulikuwa na uzito zaidi kuliko ubora wa kazi ya mzizi wenyewe. Waliofuata wamebishania uzito huo. Hakuna aliyesema ujazo unaovuja ni salama!

Na siku mgonjwa atakaporudi ameshika shavu, usimwambie jino lake lilikuwa bovu. Usithubutu!

Geuka sasa, njia ingalipo! Chukua askobeti ya sodiamu ya asilimia 10, ambayo ni chumvi ya vitamini C. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba dentini iliyooksidishwa na hipokloraiti, ikioshwa kwa vitamini hiyo, inashika gundi tena. Ichanganye siku hiyohiyo, kwa maana ikikaa hewani inaharibika. Ijaze kwenye chemba ya jino. Iache ifanye kazi. Suuza kwa maji mengi. Ndipo uanze kugandisha!

Lakini usijidanganye: vitamini C haifufui kolajeni iliyokwisha kuliwa. Kwa hiyo, pale kuta za chemba zinaporuhusu, kwaruza kwa bari tabaka jembamba la juu, ufikie dentini ambayo hipokloraiti haikuitafuna. Ni kazi ndogo. Kwa nini unaikwepa?

Na mpangilio wako wa dawa, urekebishe! EDTA ya asilimia 17 ipe kama dakika moja mwishoni, iondoe utando wa vumbi la kuchonga, kisha isuuze. Ukiirudisha hipokloraiti baada ya hapo, unaiachia kolajeni iliyovuliwa madini yake, haina ngao, haina kinga, haina pa kukimbilia. Klorheksidini ina wema wake, maana inavizuia vimeng'enya vya dentini visiitafune kolajeni iliyo chini ya gundi. Lakini isikutane kamwe na hipokloraiti! Zikikutana zinatoa mashapo ya kahawia yanayoziba vijifereji. Weka maji katikati. Maji tu, na hayo tunayapuuza! Na kama simenti yako ya mizizi ina yujenoli, futa kila alama yake ukutani, kwa kuwa nayo huizuia gundi kuganda.

Usiniambie utaanza Jumatatu. Usiniambie utaanza dawa mpya zikinunuliwa. Usiniambie mgonjwa huyu ni wa mwisho kwa namna ya zamani. Jino lililo wazi ni hili, na umelitia hipokloraiti asubuhi hii!

Mwombe mgonjwa avumilie kidogo. Mwambie msaidizi apime askobeti na maji safi. Irudie hiyo chemba, uioshe!