Mtoto wa Gatumba naye ana haki ya kucheza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Likizo kubwa imekaribia. Kuanzia Julai mpaka shule zifunguliwe Septemba ni kiangazi, na watoto wako nyumbani. Hapa Gatumba wengi watazurura kando ya barabara ya malori yaendayo Uvira, na wengine watafungiwa ndani na simu ya mama. Kwingineko watoto hupelekwa kambi ya likizo: siku chache nje ya nyumba, pamoja na wenzao na walezi. Je, sisi Waislamu tunalo la kusema katika hilo, au ni mambo ya Wazungu tu?

Tuanze na Qur'ani. Katika Sura Yusuf, ndugu zake Yusuf walipomwomba baba yao awape mdogo wao, hoja yao ilikuwa kwamba mtoto apate kufurahi na kucheza. Nabii Yaaqub (a.s.) hakuwajibu kwamba mchezo ni upuuzi. Alitaja huzuni ya kutengana naye, na hofu kwamba mbwa mwitu angemla wakighafilika. Mwisho wa kisa tunaujua. Mbwa mwitu hakumgusa Yusuf. Waliomtupa kisimani ni wale wale waliosema watamlinda. Basi hatari kubwa haikuwa porini, ilikuwa katika amana iliyovunjwa.

Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilelewa utotoni jangwani kwa Banu Saad, mikononi mwa Bi Halima, na alipokua alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka. Abdullah bin Abbas (r.a.) alipokea wasia mkubwa wa tawhidi akiwa kijana mdogo, amepanda nyuma ya Mtume. Darasa lile halikuwa na kuta. Naye Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima huua moyo wake.

Faida yenyewe iko wapi? Katika Sura al-Ghashiya tunahimizwa kutazama ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mtoto aliyefungiwa atavitazama wapi? Mtoe nje alfajiri. Jua linachomoza nyuma ya vilima vyetu na jioni linatua nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mwambie alielekee jua la asubuhi: kaskazini iko kushoto kwake, na kibla kiko huko, kimeinama kidogo kuelekea mashariki. Hatakisahau tena. Mpe kopo moja la maji atawadhe, ajue israfu ni nini. Ale sinia moja na wenzake, angoje zamu, aadhini mbele ya watu, akose mama kwa usiku mmoja na aone kwamba ameweza. Kukariri peke yake hakumfunzi subira na ushirika. Hayo huyapata kwa kuishi na watu.

Lakini hapa Gatumba tuseme kwa uangalifu, kwa sababu neno kambi kwetu lina uchungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa katika kambi hapa hapa. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, maelfu ya watu wakapoteza nyumba, na watoto wengi wakakulia katika mahema. Kuna mtoto ambaye kwake hema si likizo, ni siku aliyopoteza kitanda chake. Je, tumwache? Hapana. Yeye ndiye anayehitaji zaidi siku za furaha zenye mwisho unaojulikana: aondoke Ijumaa baada ya sala, arudi Jumapili kabla ya magharibi, kwenye mlango ule ule aliotokea. Wala si lazima mahema. Ukumbi wa madrasa ulio mahali pa juu unatosha kwa kulala, na mchana uwe wa nje.

Na amana ina masharti yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mbwa mwitu wetu anajulikana: ni viboko na mamba wa Rusizi, ni ziwa, ni mbu, ni maji machafu yaletayo kipindupindu. Basi mzazi atoe idhini na ajue mtoto yuko wapi. Watoto wahesabiwe asubuhi, mchana na jioni. Wasicheze ukingoni mwa mto. Maji ya kunywa yachemshwe, vyandarua viwepo. Wasichana walelewe na dada zetu, na mtu mzima asijitenge na mtoto faraghani. Jua likizama wote wawe ndani, kama Mtume alivyoagiza tuwazuie watoto usiku unapoingia.

Ndugu zangu wanafunzi, sisi tuna likizo ndefu na nguvu za ujana. Wenzetu wa uuguzi wanajua huduma ya kwanza, wa elimu wanajua kupanga michezo, nasi wa masomo ya dini tuna visa vya Mitume. Hatuhitaji mfadhili. Mchele, maharage, mpira mmoja na watu kumi waaminifu vinatosha kuanza na watoto thelathini. Kinachokosekana ni sisi kukubali kuulizwa.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Tusingoje watoto hawa wafike barabarani kwanza, kisha tuwalaumu jukwaani.

Ewe Mola wetu, walinde watoto wa Gatumba na mafuriko na vita, wape utoto wenye furaha na dini yenye mizizi, nasi utujaalie tuwe walinzi wasiovunja amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.