Ang'oaye Meno Naye Huumwa

Somo: 1 Wafalme 19:1-21



Tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo, katika Waraka kwa Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu mpendwa. Siku hiyo tumezoea kuwaombea wagonjwa, na ni vema. Leo twataka kusema juu ya matabibu wenyewe, hasa wale tunaowakumbuka usiku jino linapouma na kuwasahau asubuhi linapotulia: watumishi wa kinywa na meno.

Siku moja gego lilitukesha usiku kucha. Alfajiri tukaenda kwenye tiba. Benchi lilikuwa limejaa: madereva wa malori walioacha magari kwenye foleni ya mpaka, akina mama kutoka vijijini na watoto waliovimba mashavu, na wengine waliovuka kutoka Nakonde. Tabibu alikuwa mmoja. Saa zikapita, na sisi, pamoja na mvi zetu, tukaungana na walionung'unika. Tulipoitwa tukauliza kwa ukali kama humo ndani watu wamelala. Tabibu akainua uso. Alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Akatuchoma sindano ya ganzi kwa mkono mtulivu, akang'oa jino, akatupa pamba ya kuuma. Siku ya tatu tulirudi kumwomba radhi. "Yamekwisha, Mwalimu," alisema. "Lakini kila anayeketi kwenye kile kiti ama ananiogopa ama amenikasirikia. Nikifika nyumbani sitaki hata wanangu waniite."

Ndugu zetu, neno hilo lilituchoma kuliko ile sindano. Chuoni tulipojifunza ualimu tuliambiwa tutazame uso wa mtoto kabla ya daftari lake. Uso wa tabibu hatukuutazama.

Hebu tuifikirie kazi yake. Kutwa nzima ameinamisha shingo na mgongo juu ya mahali padogo, ambapo mkono ukiteleza kidogo waumiza. Wengi wetu hufika tumechelewa, baada ya kujaribu kila mzizi, na jino ambalo lingezibwa halina budi kung'olewa. Yeye alisomea kuponya meno, na kutwa anayatupa ndooni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu unaotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiopata ufumbuzi. Si ugonjwa, lilisema, bali ni jambo la kazini, nalo lina alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kupungua. Basi tusiseme kwamba mtu huyo ni mvivu, wala kwamba imani yake ni haba.

Eliya alikuwa na imani iliyoshusha moto Karmeli. Hata hivyo twamkuta chini ya mretemu, akiomba afe. Je, malaika alimkemea? La. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kisha huko Horebu Mungu akamsikiliza, akampa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, mtu wa kumsikiliza, mwenzi wa kazi: hizo ndizo dawa alizopewa nabii.

Kwa hiyo, ninyi mnaotumika katika kazi hii, kuleni chakula cha mchana hata foleni ikiwa ndefu. Nyosheni mgongo baina ya mgonjwa na mgonjwa. Likizo yenu ichukueni. Mwambieni mwenzenu yaliyowaelemea, wala msiyazamishe katika pombe. Na kama usingizi umekimbia, au mawazo ya Eliya ya kutaka kufa yamekuja, mwoneni daktari wa afya ya akili bila kukawia. Si aibu. Nanyi mnaosimamia kazi, kumbukeni Yethro katika Kutoka 18: alipomwona Musa akiamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba atachoka kabisa, akamshauri agawe mzigo.

Na sisi tunaoketi kwenye benchi? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huonekana mwepesi kwa kuwa haukai kichwani petu. Tuwapigishe watoto mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, tuwapunguzie pipi na soda, tuende mapema jino linapoanza kutoboka. Kila jino linalopona nyumbani lampunguzia tabibu mtu mmoja kwenye foleni. Na tukifika mbele yake, kabla ya kufungua kinywa atazame ndani, tukifungue kwanza kwa kumwambia, "Pole na kazi."

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipochoka, uwape pumziko wanaotuondolea maumivu. Nasi utusamehe ukali wetu, utufundishe kuwachukulia mizigo yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.