Povu la Baku

Anayeishi karibu na mwalo wa Kibirizi anaujua mzigo unaopita pale: mapipa ya dizeli, madumu ya petroli ya injini za boti, mafuta ya taa kwa wavuvi wa dagaa ambao bado wana karabai. Petroli ikishika moto, mkono wa kwanza hukimbilia ndoo, maana ziwa liko hatua chache tu. Kumbe petroli huelea juu ya maji, na moto husambaa nayo.

Baku, mji wa visima vya mafuta kando ya Bahari ya Kaspi, ulikuwa na tabu hiyohiyo. Mwalimu mmoja wa huko, Mrusi Aleksandr Loran, aliitafutia dawa, akaipata mwaka 1902. Alikutanisha maji ya magadi soda na maji ya alumini salfeti, jamaa ya shabu tunayoijua, pamoja na kitu cha kulishika povu lisipasuke. Hewa ukaa ikafura ndani yake, likatoka povu jepesi kuliko mafuta. Likatanda juu yake na kuunyima moto hewa. Kufikia 1904 alikuwa na mtungi wa kuzimia moto: dawa mbili zimetengwa ndani, ukiupindua zinakutana.

Petro, naye mvuvi, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anaupa upendo kazi kama ya povu hilo: kufunika dhambi, hata zikiwa nyingi. Mahali hapo tumepatumia vibaya, sisi wachungaji tukiwamo. Binti anaumizwa nyumbani, anaambiwa afunike. Hapana! Povu hufunika moto. Aliyeungua anapelekwa hospitali, na aliyewasha anaulizwa. Kinachofunikwa ni ile habari ya jirani unayoweza kuifikisha kisimani asubuhi, ikapata hewa, na wewe ukanyamaza.

Tena mafuta hubaki palepale chini ya povu, yangali na joto. Povu likiondoka mapema, yanawaka upya. Ndiyo maana wazimamoto huongeza povu na kusubiri yapoe. Basi mzee aliyesuluhisha mume na mke Jumapili, akanywa soda yake na kuaga, arudi tena Alhamisi.

Wiki hii jumuiya zisome sura hiyo ya Petro pamoja na Mithali 26. Na mwenye dumu la petroli chumbani anakolala, alitoe leo kabla ya kuwasha jiko.