Dakika za Watu Wengine

Kuna swali ambalo watu hulichukulia kuwa la kitoto: je, mtu anayeruka laini anaiba? Tukijibu ndiyo, inabidi tuseme ameiba nini na kutoka kwa nani, maana hakuna mfuko uliopasuliwa. Tukijibu hapana, inabidi tueleze kwa nini tunakasirika hivyo. Nimeona wanaume wazima, watu wanaovumilia njaa na jua bila neno, wakikunja ngumi kwa sababu ya mtungi mmoja uliosukumwa mbele ya mingine.

Naandika kutoka Oldonyiro, upande wa magharibi wa kaunti ya Isiolo, ambapo hili si swali la darasani. Hapa mitungi ndiyo hupanga laini. Unauacha mtungi wako wa manjano wa lita 20 mbele ya bomba, unaenda kutafuta kuni au kumnyonyesha mtoto, na mtungi unasimama kwa niaba yako. Hakuna karatasi wala namba. Lakini kila mtu anajua ule ulioziba kwa kipande cha gunia ni wa nani, na ule uliofungwa kamba nyekundu ni wa nani. Katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipopita mfululizo bila mvua ya maana, mitungi ililala kwenye laini usiku kucha kama watu.

Hebu tufanye hesabu, maana hasira peke yake haitoshi. Tuseme bomba linajaza mtungi mmoja kwa dakika 4. Mbele yako kuna watu 30, kila mmoja na mitungi 2. Ukisimama nyuma yao utangoja dakika 240, yaani saa 4. Sasa unakuja na mitungi 10 juu ya mkokoteni wa punda, unaongea na mtu wa bomba pembeni, unawekwa mbele. Wewe umeokoa saa 4. Lakini kila mmoja wa wale 30 amecheleweshwa dakika 40, na jumla yake ni dakika 1,200. Saa 20! Na hata ungekuja na mitungi 2 tu kama wao, ungeokoa dakika 240 na wao wangepoteza dakika 240 zile zile. Bomba haliongezi maji ati kwa sababu una haraka. Dakika hazizaliwi pale. Zinahama tu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, anaiba. Anaiba dakika, na kila dakika ina mwenyewe. Binamu yangu ni msichana wa shule. Dakika 40 za asubuhi kwake ni somo la kwanza, ambalo mara nyingi ni hisabati. Yule mwenye mkokoteni hajui kwamba amebeba somo la mtu kati ya mitungi yake, na hatalijua, kwa sababu wizi huu umegawanywa kwa watu 30 kiasi kwamba hakuna anayeonekana ameibiwa kitu kikubwa.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine. Mtoe mwenye mkokoteni, umweke nyanya aliyekuja na mtungi mmoja. Mkimpisha, yeye anaokoa dakika 240, na kila mmoja wenu anapoteza 4. Jumla ya hasara yenu ni dakika 120. Safari hii kuruka laini kumepunguza kungoja kwa kijiji kizima. Mhandisi wa Denmark aitwaye Agner Krarup Erlang alichapisha hesabu zake za kwanza za foleni mwaka 1909 akishughulikia simu za Copenhagen, na waliomfuata wamejaza vitabu. Mama zetu walifika hapo bila kitabu. Ukiwa na mtungi mmoja unaambiwa, “Yeyo, pita.” Tunaita huruma, na ni huruma kweli, lakini pia ni hesabu nzuri.

Ziko sehemu duniani ambako watu hulipa ili wakapange laini. Disneyland ilipofunguliwa kule California tarehe 17 Julai 1955, tiketi bandia zilikuwa nyingi hivi kwamba umati ulizidi kabisa watu waliotarajiwa. Tangu hapo bustani hizo zimekuwa mabingwa wa kusimamisha watu. Laini inakunjwa ikunjwe ili usione urefu wake, inawekewa picha na muziki ili usahau miguu. Na wateja hawaitwi wateja, wanaitwa wageni. Mwaka 1999 Disney ilileta FastPass, karatasi ya bure iliyokupa saa ya kurudi bila kungoja sana. Kufikia 2021 njia hiyo ya haraka ilikuwa inauzwa. Mwaka 2024 ikaja pasi ya kupita mbele kwenye michezo mikubwa yote, ambayo kule Florida bei yake kwa mtu mmoja kwa siku moja ilifika hadi dola 449.

Malalamiko ya wageni wa huko ukiyasikiliza yanafanana na ya hapa bombani: huyu ameshikia nafasi watu kumi, yule ametanguliza mtoto kisha ukoo mzima ukamfuata, wale wamelipa wakapita. Tofauti ni kwamba wa huko akichoka anaweza kurudi hotelini.

Sisi Wakenya tunayo FastPass yetu pia. Mlolongo, mji ulio kando ya barabara ya Mombasa, ulipata jina lake kutokana na malori yaliyopanga foleni kwenye mizani. Na ni hapo Mlolongo ambapo Nairobi Expressway inaanzia, barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Inapita juu ya vichwa vya watu walio kwenye matatu hadi Westlands. Sina ugomvi mkubwa nayo, maana angalau imeongeza njia. Ubaya huanza pale ambapo bomba ni lile lile, na kinachouzwa ni nafasi ya mbele peke yake.

Angalia pesa inakwenda wapi. Anayelipia njia ya haraka ananunua dakika za waliosimama. Lakini pesa hazimfikii aliyesimama. Zinaenda kwa mwenye bustani. Yaani mwenye bustani ameuza kitu ambacho hakutoa yeye. Ni kama mimi niuze mbuzi wako sokoni hapa Oldonyiro, nitie pesa mfukoni, kisha nikwambie usilalamike kwa sababu wewe ulikuja sokoni kwa hiari yako.

Kuna atakayenijibu kwamba waliosimama walijua masharti waliponunua tiketi. Nakubali, kwa bustani. Mchezo si uhai. Ukiona masharti ni mabaya, kaa nyumbani. Ila tabia haikai bustanini. Hospitali za umma zina wadi za kulipia. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaacha, tulisimama nje ya ofisi ya karo tangu alfajiri kutafuta kadi ya mtihani, na kulikuwa na mlango wa pembeni ambao watu fulani waliingia na kutoka bila hata kututazama. Hapo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema basi, nitakaa nyumbani. Penye kitu usichoweza kukikosa, iwe maji, dawa au kadi ya mtihani, masharti uliyoyakuta mlangoni hayawezi kuitwa makubaliano.

Sasa nisije nikaifanya laini kuwa malaika. Anayefika kwanza ahudumiwe kwanza: inasikika kama haki yenyewe. Lakini nani hufika kwanza? Ni mwenye punda, anayeishi karibu, mwenye binti wa kumtoa shuleni. Mjane mwenye watoto wadogo wanne hafiki kwanza hata siku moja. Laini haiangalii sura yako wala kabila lako, na hilo ni jema, hasa katika kata kama hii yenye Wasamburu, Waturkana na wengine. Lakini kwa sababu haiangalii, haioni pia kwamba umebeba mgonjwa mgongoni.

Na laini peke yake, hata ikiwa wazi mchana kweupe, hailindi kitu. Waulize wazee kuhusu 1988. Katika uchaguzi wa mchujo wa KANU mwaka ule, wapiga kura walipangwa nyuma ya wagombea au picha zao, wahesabiwe hadharani. Hakukuwa na sanduku la kuchezea. Kila mtu aliona laini ndefu na laini fupi kwa macho yake. Na bado, mahali pengi, wa laini fupi wakatangazwa washindi. Mfumo huo wa mlolongo uliachwa baada ya miaka michache, lakini ulituachia funzo: watu wanaweza kujipanga vizuri sana na bado wakanyang’anywa, ikiwa anayehesabu hana wa kumjibu.

Hapo ndipo ninapowatazama majirani zetu Waborana. Kwenye visima vyao vya kina kirefu, vile vya tula upande wa kusini mwa Ethiopia, kuna mtu anayeitwa abba herega, baba wa zamu. Kisima kina mwenye haki nacho, abba konfi, lakini zamu za kunywesha zina msimamizi wake, na juu yake kuna wazee wa kisima. Zamu haifuati tu nani kaamka mapema. Mtu anapangiwa siku, na anajulikana. Abba herega akipendelea, ana baraza la kumuuliza. Sisemi visima hivyo ni paradiso. Ukoo una uzito wake, na mgeni asiye na jamaa anaweza kungoja sana. Ninachosema ni kwamba waligundua kitu ambacho bustani za Marekani zenye mitambo yote hazijakitaka: mtu mwenye sura, anayekupitisha au kukuzuia, na ambaye kesho utamkuta msibani na harusini.

Wengine watasema basi tuombane tu, kama watu. Mwenye shida aseme, “Naomba nipite,” na sisi tumpishe. Napenda wazo hili kwa sababu anayeomba anakiri kwamba nafasi ni yako, na wewe ukimpa, umetoa zawadi. Aliyenunua haombi, na aliyeruka haombi. Lakini kuomba kuna gharama. Mama mwenye ugonjwa asioutaka ujulikane atajieleza vipi mbele ya watu 30? Na wenye midomo mizito watabaki nyuma daima, huku wenye maneno matamu wakipita kila siku. Kwa hivyo ombi linahitaji sikio la mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na anayeweza kuondolewa.

Limebaki suala la umati wenyewe. Mtu anayelalamika kuhusu umati husahau kwamba kwa aliye nyuma yake, yeye ndiye umati. Rafiki yangu anayeendesha gari la watalii hunieleza chui akionekana: dereva mmoja anasema kwenye redio, na baada ya dakika chache magari yamejaa, na ndani ya kila gari kuna mtu anayenung’unika kwamba magari ni mengi. Kanuni za Maasai Mara zinataka magari yasizidi 5 kwa mnyama mmoja, na wengine wakingoja, kila gari likae dakika 10 lipishe. Ni sheria nzuri ya laini. Lakini mgeni aliyelipa dola 200 kuingia Mara, kiingilio cha wasio wakazi cha Julai hadi Desemba tangu 2024, anaona dakika 10 ni matusi, na dereva anafikiria bakshishi.

Julai 2025 video ilizunguka duniani ikionyesha watalii kaskazini mwa Serengeti wameshuka magarini na kujipanga ukingoni mwa mto Mara, wakati nyumbu wanatafuta pa kuvukia. Watu walikasirika kwa ajili ya wanyama, na walikuwa na haki. Mimi niliona pia laini mbili pale. Moja ilikuwa ya nyumbu, ambao wakikosa kuvuka wanakosa malisho. Nyingine ilikuwa ya wageni, ambao wakikosa kuona wanakosa picha. Ya pili ilikuwa imesimama mbele ya ya kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inampa mgeni kazi: kuja kwake kuwe nafuu kwa aliyemkuta. Biashara imeligeuza neno hilo. Siku hizi mgeni ni yule asiyeulizwa kitu kwa sababu ameshalipa, kana kwamba bei ya tiketi inamaliza madeni yote kati yake na waliomtangulia.

Mambo ninayoyataka bombani kwetu si makubwa. Kamati ya maji imchague mtu mmoja wa zamu, mwanamke akipatikana ni bora zaidi, maana wanawake ndio wanaosimama. Wenye mtungi mmoja wapite. Mikokoteni ya mitungi 10 ipewe saa zake za mchana, shule zikiwa zimeshaanza. Mgonjwa amwambie huyo mmoja tu, asitangaziwe wote. Na anayeuza nafasi ya mbele, kama ni lazima iuzwe, awagawie pesa waliosimama, mtungi kwa mtungi. Tutaona kama biashara hiyo itadumu wiki moja.