Amana ya Mpendekezaji: Swali la Kimaadili Kuhusu Riwaya za Kisayansi kwa Vijana

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuwashughulikia mtunzi, mhusika na msomaji. Yuko mtu wa nne ambaye aghalabu hatajwi, ingawa pasipo yeye vitabu vingi visingewafikia vijana. Huyu ni yule anayekitwaa kitabu alichokwisha kukisoma, akamkabidhi kijana na kumwambia, "Soma hiki." Mwalimu, mkutubi, shangazi, kaka mkubwa: wote hulifanya tendo hili, na wengi wetu tunaofundisha fasihi tumelifanya mara nyingi bila ya kujiuliza linatutwika wajibu gani. Makala haya yananuia kulichunguza tendo hilo kwa upande wa maadili. Swali letu ni hili: mpendekezaji anayejua kilichomo kitabuni anadaiwa nini na kijana asiyejua?

Tumeteua riwaya za kisayansi kwa sababu mbili. Kwanza, katika utanzu huu siri ni sehemu ya fani. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu bunilizi ya kisayansi, alieleza kwamba utanzu huu hutufanya tuitazame hali yetu tuliyoizoea kwa macho ya mgeni, kwa njia ya jambo jipya linalofuata mantiki. Ugeni huo hufunuka hatua kwa hatua, na anayeufichua mapema humnyima msomaji kile kile alichokifuata. Pili, riwaya nyingi za aina hii zinazosomwa na vijana humweka mtoto mbele ya mtu mzima anayejua zaidi yake. Yaani, swali letu limekwisha kuulizwa ndani ya riwaya zenyewe.

Kitabu teule na kitabu kilichopendekezwa

Yafaa tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa. Kitabu teule huja na mamlaka ya mtaala na mtihani. Mwanafunzi akikichukia, hana wa kumlaumu ila mfumo. Na mwalimu, hata kama mwenyewe hakipendi, anaweza kujificha nyuma ya mfumo huo huo. Kitabu kilichopendekezwa hakina ngao hiyo. Kijana hukipokea kwa kuwa anamwamini aliyempa, wala hana sababu nyingine. Kwa hivyo kinachokabidhiwa si kitabu pekee, bali pia imani ya kijana huyo, nayo ni amana.

Pia kupendekeza si sawa na kutoa wosia. Katika utamaduni wetu wa pwani wosia ni tendo la fasihi lenye heshima kubwa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa aina hiyo mnamo mwaka 1858. Mtoa wosia amekwisha kulipima jambo, na anampa mwanawe hitimisho lake. Mpendekezaji wa riwaya hufanya kinyume: anampa kijana tajriba na kulizuia hitimisho. Ugumu wa kimaadili unatokana na hapo, kwa kuwa tajriba yaweza kuumiza pale ambapo hitimisho lingefariji.

Mfano wa The Giver

Riwaya ya Lois Lowry, The Giver, ilichapishwa Marekani mwaka 1993 na kutuzwa Nishani ya Newbery mwaka 1994. Inasimulia kuhusu Jonas, mvulana wa miaka 12, katika jumuiya isiyo na vita, njaa wala chuki, na ambayo pia haina rangi wala kumbukumbu. Mtu mmoja tu, mzee, amebebeshwa kumbukumbu zote za wanadamu, na Jonas anateuliwa kuzipokea kutoka kwake. Kumbukumbu ya kwanza ni ya kuteleza mlimani juu ya theluji. Baadaye huja maumivu, kisha vita. Katika sura ya 19 Jonas anagundua maana ya neno "kuachiliwa", ambalo jumuiya yake hulitamka kwa upole: anamwona babaye mwenyewe, mlezi wa watoto wachanga, akimdunga sindano ya kufisha pacha aliyezaliwa na uzito mdogo kuliko mwenziwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa riwaya hii msichana aliyekuwa katika kidato cha pili, msomaji hodari aliyekuwa amemaliza kila kitabu alichoweza kukipata. Nilimwambia kwamba ni hadithi ya jamii iliyoondoa maumivu na gharama iliyolipa. Sikusema zaidi, kwa kuwa sikutaka kumharibia ugunduzi wake. Alinirudishia kitabu baada ya siku tatu. Nyumbani kwao, mwaka uliotangulia, walikuwa wamezika mmoja wa watoto pacha. Nilikuwa nimeambiwa habari hiyo wakati ule, nami nilikuwa nimeisahau. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu, wewe ulikuwa umeshakisoma?" Nilipokubali, hakuongeza neno.

Kisa hiki si kikubwa, na hakuna aliyedhurika kwa namna inayoweza kupimwa. Hata hivyo, swali la msichana yule linalenga shabaha. Kama nisingekuwa nimekisoma, ningekuwa mzembe. Kwa kuwa nilikisoma, nilikuwa nini?

Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza ni kwamba fasihi haina haja ya kuombewa radhi. Msomaji huingia kitabuni kwa hiari yake, na mshtuko ni haki yake. Jibu hili lina ukweli, lakini linadhania hiari ambayo haikuwapo. Hiari huhitaji ujuzi fulani wa kinachochaguliwa. Riwaya ya Orson Scott Card, Ender's Game, ya mwaka 1985, ambayo husomwa sana na vijana, inalionyesha jambo hili kwa ukali. Ender anachukuliwa akiwa na miaka sita kwenda kufunzwa vita angani. Mwishoni anaamini kwamba anafanya mazoezi kwenye mtambo wa kuigiza mapigano, kumbe anaongoza majeshi halisi, na anaiangamiza jamii nzima ya viumbe. Walimu wake walimficha kwa sababu walijua kwamba angejua, asingetenda. Mpendekezaji hamtumi kijana vitani, na mlinganisho huu una mipaka yake. Lakini hoja ya "angeambiwa asingekisoma" ni hoja ya walimu wa Ender, na yatupasa tuwe na wasiwasi tunapojikuta tukiitumia.

Jibu la pili ni la tahadhari: kila kitabu chenye uchungu kitangaziwe uchungu wake, au kiwekwe kando kabisa. Historia ya The Giver yenyewe inatufunza kuhusu jibu hili. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliitaja miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa sana kati ya mwaka 1990 na 1999. Ni rahisi kwa mhakiki kucheka: kitabu kinachokashifu jamii inayowakinga watu dhidi ya maumivu kinapigwa vita na watu wanaotaka kuwakinga watoto dhidi ya maumivu. Kinaya hicho kipo. Lakini baada ya kisa nilichokieleza, mimi binafsi nimepunguza kucheka. Mzazi anayelalamika huenda amekosea kuhusu kitabu na kupatia kuhusu mwanawe. Kosa lake huanza pale anapotaka kumwamulia pia mtoto wa jirani.

Kutaja uzito bila ya kufichua kisa

Majibu yote mawili yanashindwa kwa sababu moja: yanatafuta kanuni ya jumla ambapo kinachohitajika ni kumjua msomaji. Tunapendekeza kwamba itofautishwe kati ya kufichua kisa na kutaja uzito. Kufichua kisa ni kusema nani alimuua nani na kwa njia gani. Kutaja uzito ni kusema: "Katika kitabu hiki kuna kifo cha mtoto mchanga. Ukitaka kukisoma sasa, kisome. Ukitaka kukingoja, kitakungoja." Kauli hiyo ingemwibia msichana yule sehemu ndogo ya mshangao na kumrudishia uamuzi wake. Kwa kijana mwingine asiye na msiba huo, kauli hiyo hiyo ingekuwa kumpunguzia kitabu bila ya faida. Hakuna orodha ya vitabu bora inayoweza kuipambanua tofauti hii. Orodha haimjui anayeisoma.

Riwaya ya Lowry inatupa onyo la kina zaidi kuhusu jambo hili. Miaka kumi kabla ya Jonas, mzee aliwahi kumkabidhi kumbukumbu msichana aitwaye Rosemary, ambaye tunaambiwa alikuwa bintiye. Kwa huruma, hakuthubutu kumpa maumivu ya mwili. Alimpa upweke na huzuni ya kupoteza, na baada ya majuma matano msichana huyo aliomba mwenyewe aachiliwe. Hapa mpaji alimpenda mpokeaji na bado alishindwa. Kwa hivyo mapenzi peke yake si dhamana, na mpendekezaji anayejitetea kwa kusema "nilimtakia mema" hajajitetea bado.

Lugha ya wakati ujao

Lipo deni jingine ambalo linamhusu hasa mwalimu wa Kiswahili. Vitabu nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Kila tunapompa kijana riwaya ya aina hiyo pekee, tunamwambia bila ya kutamka kwamba wakati ujao una lugha yake, nayo si lugha anayozungumza nyumbani. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, inaupinga ujumbe huo. Dzombo anasafiri angani na kufikia ulimwengu mwingine wenye utaratibu wa haki, na jina la ulimwengu huo, likitamkwa polepole, linasema kwamba wale ni sisi. Ugeni anaouzungumzia Suvin unafanyika hapa ndani ya mofolojia ya Kiswahili. Hauwezi kuhamishwa bila ya kupotea. Vivyo hivyo, Binti ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, iliyoshinda tuzo za Nebula na Hugo, inasimulia kuhusu msichana wa Kihimba anayeiacha jamii yake kwenda chuo kikuu katika sayari nyingine. Msomaji wa Kiswahili hulipokea jina la mhusika huyo kama mwito wa nyumbani. Hatusemi kwamba kijana anyimwe Lowry ili apewe Mkangi. Tunasema kwamba rafu ya mpendekezaji ni hoja, na anapaswa kuijibia.

Hitimisho

Mpendekezaji, basi, anadaiwa mambo matatu. Akisome kitabu, naye amkumbuke kijana anapokisoma. Ataje uzito pale ambapo uzito huo unakutana na maisha ya msomaji. Tatu, na hili ndilo husahauliwa zaidi, abaki. Mwishoni mwa The Giver Jonas anamsihi mzee watoroke pamoja, naye anakataa, kwa kuwa kumbukumbu zitakapowarudia watu watahitaji mtu wa kuwasaidia kuzibeba. Rosemary alipoondoka na kumbukumbu zikawarudia, hawakuwa na mtu wa namna hiyo.

Nilimwomba radhi msichana yule siku chache baadaye, na tukazungumza kwa muda mrefu kuhusu kitabu, na kwa muda mfupi kuhusu ndugu yake. Sikumshauri arudi kukisoma wala kukiacha. Nilipompa kitabu kingine, kabla hajakifungua aliniuliza kilikuwa na nini ndani. Zamani ningelichukulia swali hilo kama uvivu wa msomaji. Siku hiyo nilikaa chini nikamjibu.