Mabao Matatu Bila Ushindi
Barbra Banda wa Zambia amefunga hat-triki tatu kwenye Olimpiki. Hakuna hata moja iliyoleta ushindi.

Mwaka 2021 aliwatungua Uholanzi mara tatu, Zambia ikapigwa 10-3. Siku tatu baadaye akafunga matatu tena, sare ya 4-4 na China. Mwaka 2024 mjini Nice alianza kufunga dakika ya kwanza tu, akafikisha matatu. Zambia ikaongoza 5-2, kisha ikalala 6-5 mbele ya Australia. Je, jasho hilo lilikuwa bure?

Wastoa, wanafalsafa wa kale, walimtaja mpiga mshale: wajibu wake ni kulenga vyema, kupata shabaha hakumo mikononi mwake. (Mabeki wa Zambia wangelipenda jibu hilo.)

Novemba 2024, bao lake moja, dakika ya 37, liliipa klabu yake, Orlando Pride, ubingwa wa Marekani. Kwa kipimo cha mpiga mshale, halikuwa bora kuliko yale ya Nice.